Chapa Tausi

Bwana Jeilani wa mtaa wa Langoni alizaliwa muoga, na hakuhangaika kuuficha uoga wake. Aliogopa radi, aliogopa askari, aliogopa ng'ombe mwenye pembe na ng'ombe asiye na pembe. Alikuwa mtu wa Amu, kisiwa ambacho mtu akitaka kuni nzuri huvuka maji, na hata hivyo kila alipolazimika kwenda Mokowe alifumba macho tangu mashua ing'oe nanga mpaka iguse gati, akisoma dua kwa sauti hata manahodha wakamwomba ashushe kidogo. Watu walimcheka. Lakini walimcheka kwa mapenzi, na uoga huo huo ndio uliowafanya wamwamini, kwa kuwa mtu aogopaye kila kitu humwogopa Mungu pia, na kazi yake ilitaka mtu wa namna hiyo. Bwana Jeilani alikuwa mwandishi wa makombe.

Kijana wa leo ukimtajia kombe hudhani wamweleza habari ya mpira. Zama zile mgonjwa alipolala, jamaa zake walikwenda kwa mwalimu. Mwalimu alitia udhu, akaikoroga zafarani, akaandika aya za shifaa kwa kalamu ya tete juu ya sahani nyeupe ya kauri, mstari chini ya mstari, mpaka sahani ikajaa kama uso wa mwezi uliotiwa nakshi. Kisha akayakosha maandishi kwa marashi, yakayeyuka yakawa maji ya manjano yenye harufu nzuri, na mgonjwa akayanywa. Hilo ndilo kombe. Baba yake Bwana Jeilani aliliandika, na babu yake, na sahani aliyoitumia ilikuwa ya babu, haijapata kupakuliwa chakula hata siku moja. Nasi tumekaa tukayaacha hayo yote yakaenda, tukabaki na vidonge vya rangi rangi ambavyo hatujui vimetengenezwa na nani wala kwa nini.

Marashi ya kukoshea yalitoka Bombay, katika chupa nyeupe zilizofungwa vizuri, na juu ya kila chupa palibandikwa picha ya tausi aliyetandaza mkia. Wakati huo, katika miaka ya hamsini, bendera ya Mwingereza na ile nyekundu ya Sultani zikipepea pamoja, watu wa Amu walio wengi walisoma Kiarabu na kuandika barua zao kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kizungu walizijua makarani. Kwa hiyo madukani watu walinunua kwa picha: kiberiti chapa jogoo, sabuni chapa mnazi, chai chapa jahazi, marashi chapa tausi. Mtu alimtuma mtumishi wake na kumwambia, "Akikupa chapa nyingine mrudishie," na ikawa imekwisha. Chapa ilikuwa ahadi ya mtu asiyeonekana. Bwana Jeilani, aliyeogopa kila kitu, hakuwahi kumwogopa tausi.

Basi mwaka mmoja, katika majira ya mvua, Bi Umi alishikwa na homa. Bi Umi alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, bibi mkavu mwenye ulimi mkali, na kwenda kwenye zahanati ya serikali alikataa katakata, akisema hajazeeka ili aje kuchomwa sindano na mtu ambaye hata jina la mama yake halijui. Mwanawe, Mselem, alikuwa mchonga mawe kule Manda. Mikono yake ilikuwa minene kama makasia. Wakati mmoja alimkuta baharia mlevi akijisaidia haja ndogo kwenye ukuta wa msikiti, akambeba mzima mzima kama gunia mpaka ukingoni, akamtupa majini, kisha akarudi kuswali bila kutamka neno. Bwana Jeilani alikuwepo siku hiyo. Tangu hapo kila akimwamkia Mselem sauti yake ilipanda juu kidogo.

Mselem alibisha hodi baada ya adhuhuri. "Mwalimu, mamangu atetemeka. Asema umwandikie kombe, wewe, si mtu mwengine."

"Inshallah, Bwana Mselem. Sasa hivi."

Bwana Jeilani mwenyewe alikuwa na mafua ya mvua, pua imeziba asijue harufu ya samaki wala ya udi. Aliandika sahani yake kwa utulivu. Alipomaliza akainua mkono kwenye kidaka cha marashi, kile kishimo cha ukutani, akaona chupa yake imebaki matone. Mkewe, Bi Tima, alikuwa ametoka kwenda matangani. Akatazama kidaka cha juu, kile cha vitu vya akiba, na nyuma ya birauli akaona chupa nzima, nyeupe, imefungwa bado, na ndege mwenye kishungi ametandaza mkia. Mkia ulikuwa mwekundu na dhahabu badala ya buluu. Akasema moyoni, Wahindi wamebadili rangi, kama walivyobadili wakati wa vita. Akamshukuru Mungu kwa kumpa mke mwenye kuona mbele. Akaifungua, akasema bismillahi, akazikosha aya, na kwa kuwa mgonjwa alikuwa hoi akamimina kwa ukarimu.

Bi Umi alilipokea kombe nyuma ya pazia. Alikunywa, akakohoa.

"Jeilani."

"Labeka, Bi Umi."

"La leo kali."

"Ni aya, Bi Umi. Aya zina nguvu zake."

"Lashuka na ndia yote mpaka kwenye kisigino," alisema Bi Umi, na alilisema kwa heshima. Kisha akalala, akatokwa na jasho likalowesha kitanda, na asubuhi alikaa kitako akaomba mkate wa mofa akaulalamikia kuwa mgumu.

Habari ile ilitembea Langoni ikafika mtaa wa Mkomani. Bwana Jeilani, ambaye hakuwa amezoea kusifiwa, alipita barabarani akiona watu wanamwinukia. Mselem alimletea samaki mkubwa akamweka mlangoni, akasema, "Mwalimu, mkono wako umetiwa baraka," na ilikuwa mara ya kwanza kwa Bwana Jeilani kumtazama machoni. Alilala usingizi mtamu. Mafua yakaisha.

Siku hiyo mafua yalipoisha ndiyo aliyokuja shemeji yake.

Abdulkadir, ndugu wa Bi Tima, alifanya kazi ya kuhudumu mezani kwa Mzungu mmoja aliyejijengea nyumba ya wageni Ras Kitau, upande wa pili wa Shela. Alikuwa mtu mzima, mcheshi, mwenye kuvaa suruali, na alikuwa na tabia ya kuingia nyumbani kwa watu huku akipiga mluzi, jambo ambalo zamani lilitosha mtu kunyimwa mke. Akapita moja kwa moja kwenye kidaka cha juu. Mluzi ukakatika.

"Dada," aliita. "Nani amefungua mzigo wangu?"

Bi Tima akatoka jikoni akijifuta mikono. "Mzigo gani?"

"Chupa. Nilikwambia naweka amana kidakani."

"Uliniambia amana. Hukuniambia chupa."

Bwana Jeilani alikuwa ameketi akichonga kalamu. "Ni mimi, shemeji," alisema. "Marashi yaliniishia. Nitakulipa mengine chapa hiyo hiyo."

Abdulkadir alimtazama. Akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. "Mwalimu, umeyatumia kufanyia nini?"

"Kombe."

"Ya Rabbi," alisema Abdulkadir, akakaa chini pale pale bila kutandika chochote.

Bwana Jeilani akaweka kisu. Alihisi kitu cha baridi kikipanda taratibu kutoka miguuni, kama mtu anayetembea kwenye maji asiyojua kina chake. "Ni nini hicho?"

"Vodka."

"Vodka ni nini?"

"Ni... ni kinywaji cha Wazungu."

"Cha kiu?"

"Hapana, si cha kiu, Mwalimu."

Bi Tima akaufunga mlango wa barazani, ijapokuwa jua lilikuwa juu na joto lilikuwa kali.

"Ni mvinyo?" aliuliza Bwana Jeilani.

"Mvinyo ni wa zabibu. Hii ni ya viazi. Wengine wasema ya ngano."

"Viazi!" alisema Bi Tima. "Hata viazi hawakuviacha."

"Lakini ulevi una rangi," Bwana Jeilani alisema, na sauti yake ilianza kupanda. "Wiski nimeiona kwa mbali, ina rangi ya chai. Haya ni meupe kama mayi. " Akaitwaa chupa akainusa. "Hayana harufu."

"Hiyo ndiyo sifa yake. Bwana wangu aipenda kwa sababu hiyo, asema akiinywa mchana mkewe hajui."

"Na huyu tausi?"

"Si tausi, Mwalimu. Ndege wa hadithi za Warusi, mkia wake moto."

"Kwa hivyo yatoka Urusi."

"La, yatengenezwa London. Bwana asema Mrusi mwenyewe hajapata kuiona chupa hii."

"Sasa mbona wakamtia ndege wa Warusi?"

"Ili inunuliwe. Mtu akiona ndege wa Urusi hudhani anywa ya Urusi. Jina ni la kuuzia tu, Mwalimu, si la kitu kilicho ndani. Huko ndivyo biashara ilivyo."

Bwana Jeilani alikaa akilifikiri neno hilo. Katika maisha yake yote hakuwa amewaza kwamba mtu angeweza kukaa mahali, akiwa na akili zake, akabandika juu ya kitu sura ya kitu kingine, na watu wote wakajua, na wakanunua. Kisha akashika uzi mmoja wa matumaini, kama muoga anavyoshika chochote kilicho karibu.

"Kila chupa yenye ndege huyu ni vodka?"

"Hapana," Abdulkadir alikubali. "Wenye kiwanda hicho wana sharubati ya ndimu pia. Ndege ni huyo huyo, chupa ni hiyo hiyo. Tunazo zote mbili kwenye kabati."

"Basi huenda ulichukua sharubati!"

Abdulkadir alikuna kichwa. Ni kweli alikuwa ameichukua kwa haraka, Mzungu amekwenda Nairobi na mkewe yuko bafuni, na aliikusudia kumpa karani mmoja wa Mokowe aliyemwahidi kazi ya serikali. Hakuwa ameisoma. Naye hakujua kusoma Kizungu kuliko shemeji yake, alizijua chupa kwa mahali zilipokaa. "Yawezekana," alisema. "Kuna ndia moya ya kujua. Kuionja."

"Hutaionja ndani ya nyumba hii!" alisema Bi Tima.

"Basi ya pili. Lete kiberiti."

Wakaenda ndani kabisa, kwenye chumba ambacho mwanga haufiki. Abdulkadir akamimina kidogo kwenye sakafu ya chokaa, akakwaruza njiti, akainama. Bwana Jeilani alikuwa akisoma, lakini hakujua anasoma nini. Alitamani kwa moyo wake wote njiti ile izimike katika sharubati ya ndimu.

Haikuzimika. Juu ya sakafu ukatandaa moto wa buluu, mwembamba, usio na moshi wala sauti, ukacheza kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kama kitu kinachotafuta mtu. Bi Tima akapiga kite. Bwana Jeilani hakupiga. Akakaa chini, na mbele ya macho yake akauona moto ule ukitambaa juu ya sahani ya babu yake, juu ya aya, herufi moja baada ya nyingine.

Asiyejua sheria hawezi kuelewa hofu iliyomkamata. Kwa madhehebu ya watu wa Amu ulevi si haramu ya kunywa tu, ni najisi, kama damu na kama mkojo. Kuigusisha najisi na neno la Mungu ni jambo ambalo vitabu hulitaja kwa sauti ya chini. Na yeye hakuligusisha tu. Alilikosha kwa ulevi, akasema bismillahi, akampa ajuza wa watu aliyezeekea kwenye mswala, naye akanywa akamshukuru. Na watu wakamsifu! Kila sifa aliyoipokea siku zile sasa ilimrudia kama kofi.

Abdulkadir aliikataa chupa. Karani wa Mokowe, alisema, hapokei nusu. Akaondoka bila mluzi, na ile nusu ikabaki kidakani, nyuma ya birauli, na ndege wake.

"Nani ajua?" alisema Bi Tima jioni ile. "Wajua wewe, najua mimi, na Abdulkadir hana ubavu wa kusema, maana ameiba. Funika kombe, mwanaharamu apite."

"Tima, Mungu ajua."

"Mungu ajua pia kwamba ulikuwa na mafua."

Lilikuwa neno la busara, naye alijaribu kulilalia. Lakini usingizi ulikuwa umekwenda. Akaichukua sahani akaisugua kwa mchanga na kuisuuza, akaisugua tena, akaiweka juani, na hakuthubutu kuishika kwa mkono mtupu. Alipokwenda msikitini alisimama safu ya nyuma karibu na viatu. Akimsikia mtu anakohoa barabarani alishtuka, akidhani Bi Umi amerudiwa.

Na Bi Umi alirudiwa. Homa ya mvua ndiyo desturi yake, huondoka kama mgeni aliyesahau kitu. Mselem akaja mbio, na Bwana Jeilani akaandika kombe kwenye sahani mpya aliyoinunua kwa Muhindi, akalikosha kwa marashi mapya, chapa tausi, wa buluu, aliyokuwa ameyanusa mpaka pua ikamuuma. Bi Umi akanywa.

"Hili silo," alisema nyuma ya pazia.

"Ndilo, Bi Umi. Aya ni zile zile."

"Jeilani, mimi ni mzee, si mpumbavu. Lile la kwanza lilinishika hapa. Hili ni mayi ya mauwa."

Homa haikushuka. Kesho yake Mselem alikuja mwenyewe, akakaa barazani, na baraza ikawa ndogo.

"Mwalimu, nimefikiri. Aya ni zile zile, umesema, na mkono ni ule ule. Basi ni marashi. Yale ya kwanza yalikuwa chapa gani?"

Bwana Jeilani akafungua kinywa. Neno likamjia lenyewe, na ubaya wake ni kuwa halikuwa mbali na kweli. "Ndege," alisema. "Ametandaza mkia."

"Tausi."

Bwana Jeilani hakumsahihisha.

Mselem akaondoka. Saa ile ile akarudi na chupa kutoka kwa Muhindi, wakafanya kombe, Bi Umi akanywa, akasema, "Hili silo." Mselem akarudi tena barazani. Sasa hakukaa.

"Mwalimu, kuna kitu wanificha. Mamangu yuwafa ndani, nawe wamficha dawa. Umemkosea nini? Amekutukana? Ni ulimi wake tu, moyoni akupenda. Au wayaweka kwa ajili ya watu wakubwa wa Mkomani?"

"Wallahi siyaweki kwa mtu."

"Yamebaki?"

Bwana Jeilani alikuwa mtu asiyejua kusema uongo akiapa, na Mselem alilijua hilo. Akamwona anavyotupa jicho kuelekea ndani.

"Yamebaki," alisema Mselem polepole. "Sasa sikiza, Mwalimu. Mimi sikutishi. Lakini nikitoka kuswali alasiri nitakuja hapa, nami nataka kuiona hiyo chupa."

Alipokwenda, Bwana Jeilani aliingia ndani akasimama mbele ya kidaka. Ilikuwa rahisi mno! Sahani moja, vidole viwili vya yale maji meupe, na Bi Umi angesema hili ndilo, angelala, angetokwa na jasho. Mselem angemletea samaki. Na yeye, Jeilani, mwana wa Mwalimu, mjukuu wa Mwalimu, angekuwa safari hii anajua anachokifanya. Akaona wazi kwamba alikuwa na hofu mbili, ya Mselem na ya Mungu, na ya Mselem ilikuwa karibu zaidi, ina mikono, na ingerudi baada ya alasiri. Hilo lilimtisha kuliko yote: kwamba alikuwa akizipima.

Akaichukua chupa akaenda nayo chooni, akaimimina yote kwenye shimo, akisikia inavyokwenda. Akaipiga chupa kwenye ukuta. Kisha, kabla uoga haujamkamata tena miguu, akatoka akabisha mlango wa jirani.

Bi Umi alikuwa peke yake, amelala. Alijibu hodi kwa sauti ndogo. Bwana Jeilani akakaa upande wa pili wa pazia, akaanza kusema, akasema yote: mafua, kidaka, ndege, moto wa buluu. Alisema akitazama mkeka. Alipomaliza alizisikia pumzi za mgonjwa, fupi fupi.

"Ni ulevi," alisema Bi Umi mwishowe. "Nilikunywa ulevi."

"Hukujua, Bi Umi. Asiyejua hana dhambi."

"Wasema hivyo kwa kitabu, au kwa kumuogopa Mselem?"

"Kwa kitabu. Na Mselem namuogopa pia."

Pazia likatikisika. Hakujua kama alikuwa akicheka au akitetemeka. Kisha sauti yake ikaja karibu zaidi, na ilikuwa sauti nyingine, bila ukali wake wote, sauti ya mtu aliyeamka akajikuta mahali pasipo na mtu.

"Jeilani, naogopa. Kufa siogopi, lakini kufa nikiwa na kitu hicho mwilini naogopa. Na naogopa neno jingine. Niambie kweli. Nilipopata nafuu, niliponywa na aya au na chupa?"

Hilo ndilo swali ambalo Bwana Jeilani alikuwa amelikimbia tangu siku ya moto. Alikuwa amelizunguka kama mtu anavyozunguka kisima gizani. Baba yake angejibu. Babu yake asingeulizwa.

"Siyui, Bi Umi," alisema. "Wallahi siyui."

"Basi na tujue," alisema yule ajuza. "Lete sahani yako. Ya babu yako, si hiyo ya dukani."

"Imenajisika."

"Umeiosha?"

"Nimeiosha hata nakshi zataka kutoka."

"Basi imetahirika, hayo nayajua hata mimi. Andika hapa hapa nikuone. Ukoshe kwa mayi ya kisima, na kisitiwe kitu. Hapana chapa, hapana tausi, hapana kuku."

Akaileta. Pazia likavutwa kando kidogo, na kwa mara ya kwanza akauona uso wake, mdogo, wa manjano, macho yanawaka. Akaandika mbele ya macho hayo. Zafarani ilidondoka pasipo pahali pake, akaifuta akaanza tena. Hakuwa ameandika hivyo tangu alipokuwa mwanafunzi, kila herufi kama anaibeba. Akamimina maji ya kisima. Aya zikayeyuka. Akamimina katika kikombe, akanyoosha mkono penye upenyo wa pazia.

Bi Umi akakishika. Kikombe hakikwenda.

"Acha, Jeilani."

Vidole vyake havikuacha. Ndani ya kikombe kile kulikuwa na baba yake na babu yake na kila mgonjwa aliyepata kumnywesha, na akiacha, basi ndiyo, watajua.

"Mwanangu, acha," alisema Bi Umi.

Akaacha. Akamsikia akinywa mpaka mwisho.

"Mayi," alisema Bi Umi. Akageukia ukuta.

Bwana Jeilani hakwenda kwao. Alitoka akakaa kwenye baraza ya Bi Umi, mgongo ukutani, na pale ndipo Mselem alipomkuta alipotoka msikitini. Mselem akafungua kinywa kuuliza, akautazama uso ule, asiulize. Akapita ndani. Ndani kukasikika maneno ya chini, ya mama kwanza, marefu, halafu sauti ya kitu kizito kikipiga ukuta, mara moja. Bwana Jeilani alifumba macho. Alingoja mlango ufunguliwe. Haukufunguliwa. Akamsikia Bi Umi akikohoa, akihema, akikohoa. Jua likashuka mpaka kwenye kuta za ng'ambo. Watu walipita wakamwamkia akawajibu kwa kichwa. Abdulhalim muuza kahawa akampa kikombe kikapoa mkononi mwake.

Kisha kikohozi kikakoma.

Alisikiliza. Hakukuwa na kitu. Alitaka kuinuka akajue, asithubutu. Alitaka kusoma, na katika aya zote alizozijua kwa moyo tangu utotoni hakupata hata moja ya kuanzia. Akakaa na kikombe cha kahawa baridi, muoga wa Langoni, akiusubiri mlango.

Mselem akatokea. Mkono wake wa kulia ulikuwa na damu kwenye vifundo, chokaa ya ukuta imeng'ang'ania. Alisimama akamtazama Bwana Jeilani kutoka juu, muda mrefu, na uso wake haukuonyesha lolote.

"Ametokwa na jasho," alisema. Akapumua. "Ataka uji. Wa mtama, asema, na usitiwe marashi."

Bwana Jeilani akajaribu kukiweka kikombe chini, na kahawa yote ikamwagika kwenye kanzu yake.